Sufi ya Darini

Bibi huyu hajawahi kudanganywa na mwanamume, ukimtoa marehemu mumewe, na yule fundi wa meno, na wengine wote waliowatangulia hao.

Mkwewe, debe tupu lililovaa shati, alikuwa amejitandaza kwenye kochi jipya lililofura kama chura.

"Mama, sufi yote uliyotuletea nimeitandaza juu ya dari, kona hadi kona. Joto la bati halishuki tena. Hata mvua ikinyesha, hamtaisikia."

"Mungu akuzidishie, baba."

Chumba cha pili mjukuu mchanga alikuwa akilia, shingo imejaa vipele vya joto, na feni ikila umeme tangu asubuhi. Kwa ajili ya shingo ile, bibi alichambua magunia ya sufi kwa vidole vyake mwenyewe.

Kidole kimoja kikapapasa mshono wa kochi. Kishungi cheupe cha sufi kilikuwa kimechomoza. Akakivuta taratibu, nacho kikaja.

Ndipo mvua ikashuka. Bati likanguruma, na midomo ya mkwe ikawa inacheza bila sauti.

Bibi akatega sikio, kishungi kikining'inia kidoleni. "Unasemaje, baba?"

Mkwe akasimama, mishipa ya shingo ikamtoka, akapiga ukelele:

"Nasema, mvua hamtaisikia!"