Shingo Kwanza

"Shingo kwanza," alisema Mama Felisbina, bibi mfuaji wa klabu, akachovya pamba kwenye kopo la poda ya mchele. "Uso hudanganya. Shingo ndiyo humsaliti mtu."

Anacleto aliusukuma mkono wake. "Leo sipakwi, Mama."

Walikuwa kwenye kibanda cha kufulia, nyuma ya jukwaa la watazamaji la klabu ya soka ya Aurora. Kwa misimu miwili, kila Jumapili, mshambuliaji huyu mweusi alikaa hapa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akapakwa poda ya kutoka Rio hadi akafanana na samaki aliyeviringishwa kwenye unga, ndipo aruhusiwe kuingia uwanjani na wenzake kumi weupe. Hakuna aliyedanganyika. Timu pinzani zilimzomea, "Unga! Unga!" Lakini mabwana wa klabu walitaka miguu ya mtu, ngozi yake aiache nyumbani. Mungu awasamehe. Mimi bado.

Poda hiyo ndiyo iliyompa kazi ya uchukuzi posta, na chumba alicholala na mkewe Zulmira, mwenye mimba kubwa. Vyote vilitoka kwa rais wa klabu, wakili Lindolfo, ambaye kila mtu alimwita Daktari. Na mwaka ule wa 1926, katika ligi nzima ya mji wa Pedra Funda, hakuna mtu mweusi aliyewahi kucheza na uso wake mwenyewe.

"Zulmira atajifungulia wapi, barabarani?" aliuliza bibi.

"Atajifungulia kwetu Rosário, mlimani, kama nilivyozaliwa mimi. Mtoto akiniuliza baba yake alikuwa nani, nimjibu nini? Samaki wa kukaanga?"

Bibi hakucheka. "Hujui unachokigusa, kijana. Ukinawa uso leo, kesho watu wataanza kukagua nyuso zote."

"Wakague. Wewe nawe unawatetea kama wamekuzaa. Hata kola za Daktari humwachii mfuaji mwingine azishike, wenzako wanakucheka."

"Kola zake nazifua mimi."

"Huna mtoto, Mama, ndiyo maana."

"Ninaye. Amesoma, anakaa mjini. Kwetu mlimani hapandi."

"Basi niite mimi mwanao, nitakuwa nakuja kukusalimia," alisema Anacleto, akimtania ili uso wake ulegee.

"Mwanangu ni mmoja," alisema bibi, akafunika kopo.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Daktari, na kofia yake na glovu zake, katika joto lile. Hakumtazama bibi.

"Bado hajapakwa?"

"Hataki, Daktari," alijibu Mama Felisbina akiwa ameinamisha kichwa.

"Bwana Anacleto, chagua. Poda, au ufunguo wa chumba mezani kwangu kabla ya jioni."

Akatoka. Bibi alibaki ameukodolea macho mlango. Anacleto alimwonea huruma. Aliona jinsi uoga wa maisha mazima unavyomla mtu. Kisha akainamia beseni, akanawa.

Alipotokeza uwanjani, watu wa jukwaani walisimama. Wenzake wakatazama viatu vyao. Aliyemsogelea alikuwa nahodha wa timu pinzani ya wafumaji wa kiwandani, Giácomo, Mwitaliano, mwenye mdomo mchafu, aliyeongoza kumzomea kila walipokutana. Akamkagua juu mpaka chini, kisha akampa mkono.

"Kumbe una sura," alisema. "Mbaya, lakini yako."

Wachezaji wake wakajipanga nyuma yake, mmoja mmoja wakampa mkono. Mwishowe wale wa Aurora nao wakaona haya, wakaja. Kule kwenye tuta la reli, walikosimama watu weusi wa Rosário kwa sababu jukwaani walikatazwa, wanaume wazima walilia bila kujificha. Walijua wameona kitu ambacho wajukuu wao watasimuliwa.

Kipindi cha pili mvua ikamwagika. Daktari, ambaye hakuna aliyewahi kumwona nje ya kivuli cha jukwaa, alishuka mbio hadi mstari wa uwanja, upepo ukamwondoa kofia, akasimama mvuani akimfokea refa amtoe Anacleto. Refa hakumsikia. Krosi ilikuwa inakuja. Kwa misimu miwili Anacleto hakuwahi kupiga mpira wa kichwa. Watu walisema ni mwoga, hawakujua anailinda poda. Leo aliruka. Goli.

Watu wa tuta wakavuka kamba, wakakumbatiana na wafumaji waliofungwa, wote matope matupu. Daktari akaokota kofia, akajifunika uso kwa leso na kukimbia. Wakadhani analia kwa hasira.

Furaha ya maskini haikai. Mechi ilipokwisha mlinzi wa klabu alimngoja Anacleto kwenye lango la kutokea na furushi lake. Posta basi. Chumba basi, Zulmira alikuwa keshatolewa nje na godoro, na mvua ile ile ikimnyeshea. Anacleto akalipokea furushi. Alitaka kumkimbilia mkewe, lakini akamkumbuka Mama Felisbina, ambaye bila shaka naye angefukuzwa kwa ajili yake. Akarudi kibandani mara moja, amwombe radhi na kumwambia kwamba Rosário hawatamwacha alale njaa.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Akausukuma.

Daktari Lindolfo alikuwa amekaa juu ya ile ndoo, kofia magotini, macho kafumba, uso ameuinua. Mvua ilikuwa imemchora michirizi ya rangi ya mdalasini kutoka kwenye paji hadi kidevuni.

"Tulia, mwanangu," alisema Mama Felisbina, akaanza kumpaka upya, shingo kwanza.