Sawa Si Jibu

“Sawa, mama.”

“Sawa si jibu. Rudia.”

Chiriku alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka. “Nianue nguo kabla mvua haijafika, nifunge dirisha la jikoni, nimwambie jirani sketi za wanawe ziko tayari.”

Mama yake alifumba macho juu ya cherehani, akamsikiliza mpaka neno la mwisho. Ndipo akakanyaga tena.

Ndivyo walivyoishi. Hata mteja aliyeleta kitambaa hakuondoka mpaka arudie vipimo vyake mwenyewe. Watoto wa mtaani walipita dirishani wakimwita Mama Rudia, kisha wakatimua mbio.

“Huo ni ugonjwa wa kaka,” baba mdogo alizoea kusema. “Marubani ukiwaambia kitu lazima wakirudie. Alikuambukiza, shemeji, kisha akaenda zake.”

Kaka huyo alikwenda zake siku ya mawingu, ndege yake ilipogonga mlima. Chiriku alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Alichoachiwa ni picha ya mtu mwenye kofia nyeupe na jina hilo la Chiriku, ambalo baba yake alimpa kwa sababu hakunyamaza hata akinyonya. Shuleni alikuwa na jina jingine. Chiriku lilikuwa la humu ndani tu.

Sasa vyuo viwili vilikuwa vimemkubali, kimoja cha urubani, kimoja cha kuongoza ndege, na kesho yake alitakiwa kutoa jibu. Baba mdogo alikuja kulisikia. Akakalia kigoda cha wateja, akawa anabandua vipande vya nyuzi kwenye suruali yake.

“Nimechagua mnara wa kuongozea ndege,” Chiriku alisema. “Nitakaa chini, kwenye kiti, na kila jioni nitarudi nyumbani.”

Tangu utotoni alikuwa akitoka nje kila aliposikia ndege, akaitazama mpaka ikapotea. Lakini alikuwa amekwisha kulimaliza hilo moyoni. Mama alikuwa amezika vya kutosha. Akamtazama, akitegemea kumwona akishusha pumzi.

Mama alikata uzi kwa meno.

“Karushe ndege,” alisema.

Baba mdogo alianza kucheka, kicheko kikamkatikia njiani. “Shemeji! Lile jeneza hata kulifungua hatukuruhusiwa. Leo unataka kumpandisha na huyu?”

“Ukikosea huko juu, unaondoka na kosa lako.”

“Na mnarani?” Chiriku aliuliza.

Mama alipitisha uzi mpya kwenye tundu la sindano. Ulimkataa. Akaulowesha mdomoni, akajaribu tena, ukamkataa tena.

“Shemeji,” baba mdogo alisema taratibu, “yale yameshapita.”

“Kwako.”

Baba mdogo, ambaye kimya kilimwasha kama upupu, akampiga Chiriku begani. “Isitoshe, mnarani si kukaa na kuongea kutwa nzima? Wamempata mtu wao. Huyu hata usingizini anaongea.”

Mama aliulowesha uzi tena.

Chiriku aliandika jibu lake usiku huo: mnara. Tangu hapo mama aliongea naye kwa maneno ya lazima tu, chumvi iko wapi, nani amegonga. Lakini alimshonea sare mbili za buluu, mfuko mmoja mdogo upande wa kulia, bila kumwuliza chuo kinataka mshono gani. Asubuhi ya kuondoka alimfungia kifungo cha mwisho shingoni kama anayempeleka shule ya vidudu. Vidole vyake vilikuwa baridi.

“Mtu akikujibu ‘sawa’, usikubali. Hata akiwa nani.”

“Haya, mama.”

“Rudia.”

“Mtu akinijibu ‘sawa’, nisikubali. Hata akiwa nani.”

Mama alifumba macho mpaka neno la mwisho, kisha akaingia ndani. Hakusubiri gari liondoke.

Chuoni Chiriku aliwakuta wasichana wote na mfuko uleule mdogo, upande uleule wa kulia. Akajaribu kukumbuka ni lini alimweleza mama. Hakukumbuka.

Katika juma la kwanza, mkufunzi, kijana mwenye miwani, aliingia darasani na kinasa sauti cha zamani. Akakiweka mezani kwa mikono miwili.

“Kanda hii wanaisikiliza wanafunzi wa kila mwaka,” alisema. “Ndege ilikuwa inakuja kutua, kukiwa na mawingu, ikagonga mlima. Majina hatutaji, wenyewe wana familia. Mimi nataka mniambie jambo moja tu. Ni kitu gani hakikusemwa?”

Chiriku alishika ukingo wa meza. Alijua ni mlima upi. Maishani mwake hakuwahi kuisikia sauti ya baba yake, na sasa hakujua kama anataka kuisikia mbele ya watu. Akafikiria kutoka nje. Mkufunzi alikuwa ameshabonyeza kitufe.

Ilianza mikwaruzo. Kisha ikaja sauti ya mwanamke kijana, tulivu, kila neno limekamilika: “Usishuke chini ya futi elfu tisa mpaka uwe umeuvuka mlima.”

Ikafuata ya mwanamume, changamfu, ya mtu anayekaribia kwake.

“Sawa, Mama Chiriku.”

Mwanamke akacheka kidogo.

Chiriku akasubiri aseme, “Rudia.” Mikwaruzo iliendelea mpaka kanda ikaisha.