Betri Isiyoshuka

Betri ilikuwa imejaa pomoni, na hilo ndilo lililomkosesha mhandisi raha.

Kifaa cha kupima maji alikifunga mwenyewe juu ya mlima wa mawe, kwenye mfuniko wa tangi la maji, mahali ambapo hata simu ya mkononi hukata tamaa. Kifaa kinachohangaika kutafuta mawimbi humaliza betri upesi. Hiki kilizidi kunawiri. Asubuhi kiliripoti maji yanashuka, jioni yanapanda, bila kukosa hata siku moja.

Alikuwa amefunga viwili, kila kimoja na mtandao wake. Cha kwanza, kidogo kama kipande cha sabuni na chenye taa ya kijani, kilitumia mtandao wa polepole unaobana betri. Cha pili kilitumia ule wa kasi, na kwa ulafi wake kilibeba betri kubwa kama tofali. Hicho kilikuwa bubu tangu siku ya kwanza. Sasa ilimpasa achague mtandao mmoja kwa matangi yote ya milimani. Akikosea, matangi yote yatanyamaza na kazi yake itaota mbawa.

Akampigia mjomba wake, mlinzi wa tangi, ambaye kwa miaka mingi alikwea mlima ule kila siku kusoma kipimo, magoti yakimlalamikia njia nzima.

"Shikamoo, mjomba. Kile kifaa kidogo kipo?"

"Marahaba, mama. Kipo, kinatazama maji."

"Hakuna mtu anayekichezea?"

"Athubutu nani? Nakilinda kama mboni ya jicho. Ila uliniahidi, kikifanya kazi vizuri sipandi tena mlima. Hujasahau?"

"Sijasahau. Na kile kikubwa?"

"Ah, kile kizito tu, hakina maana."

Nyuma yake mkewe alikuwa anauliza kwa sauti nani tena kachukua ndoo yake. Mhandisi akacheka, akakata simu, akajilaumu kwa kuishuku bahati yake mwenyewe.

Mkurugenzi hakuwa na shaka yoyote. Alikipenda kifaa kile kuliko wafanyakazi wake.

"Hakijawahi kuchelewa kazini," alisema kwenye kikao, macho yote kwa fundi wa mabomba. Kisha akashika kalamu asaini agizo.

Kompyuta ikalia.

Maji yalikuwa yameshuka mita nzima kufumba na kufumbua. Tangi limepasuka! Mkurugenzi akatupa kalamu, fundi akakumbatia spana zake, mhandisi akaendesha gari kama mwendawazimu. Simu ya mjomba iliita bila kupokelewa.

Mlima waliupanda kwa miguu. Mkurugenzi alifika juu ulimi nje, hana hata pumzi ya kugombeza mtu.

Tangi lilikuwa zima. Maji yalikuwa yamejaa hadi yanamwagika kwenye mawe. Kifaa kikubwa kilikuwa pale pale kwenye mfuniko, kimya. Pembeni yake palikuwa na matundu ya skrubu, matupu.

"Kimeibwa!" fundi akapiga kelele.

Wakateremka mbio hadi nyumbani kwa mjomba, bondeni, ubavuni mwa mnara wa simu.

Mjomba alikuwa uani, amenyoosha miguu kivulini. Mkewe alikuwa anakung'uta brashi kando ya pipa kubwa lililofunikwa vizuri. Juu ya mfuniko wa pipa, taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka na kuzima.

"Jamani, poleni," mama yule alisema. "Leo nililimwaga nilisugue, lilishaanza kuteleza ndani. Mzee atalijaza jioni kama kawaida."

Mkurugenzi akamgeukia mjomba.

"Mzee, katika mitandao yote miwili, kwa nini ulichagua huu?"

"Mtandao gani?" mjomba akauliza, akijikanda magoti. "Mimi nilichukua kile kilichoingia mfukoni."