Kitufe cha Kuagiza Hema

Kwa mara nyingine Wechuli alifunga ndoa na mwanamke asiyekuwepo, na kwa mara nyingine akashindwa kumpatia hema.

"Jaribu tena," Apiyo alisema, akizikusanya karatasi mezani.

Apiyo alikuwa mbunifu wa tovuti. Safari hii alipewa kazi na kampuni ya kukodisha hema na viti vya sherehe hapo Kisumu. Kabla mafundi wa kompyuta hawajagusa chochote, yeye huchora kurasa kwa penseli, kisha humwita mtu wa kawaida na kumwambia: jifanye una harusi, agiza hema. Mtu anabonyeza mchoro kwa kidole, naye Apiyo anambadilishia karatasi kana kwamba ndiye kompyuta. Pale mtu anapokwama ndipo pa kurekebisha.

Wechuli alikwama kila mahali. Alibonyeza jina la kampuni. Alibonyeza picha ya bibi harusi. Siku moja alibonyeza kikombe cha chai kilichokuwa mezani. Apiyo alicheka mpaka machozi, akafuta, akachora upya, akamwomba arudi Jumamosi. Wajaribu wengine walikuwa wameacha kuja zamani. Alibaki yeye tu.

Ukweli ni kwamba Wechuli alikuwa fundi wa simu mtaani Manyatta, na kitufe cha kuagiza alikiona tangu siku ya kwanza. Lakini angekibonyeza, kazi ingekwisha. Angemwona Apiyo wapi tena?

Jumamosi moja ya Juni simu ya Apiyo iliita. Akasogea dirishani.

"Hapana, Mama, bado," alisema kwa sauti ya chini. "Nipe muda kidogo. Huyu ni mgumu."

Wechuli alisikia kila neno. Kumbe bosi wa Apiyo alikuwa mwanamke, na alikuwa amechoka kusubiri. Binti wa watu atafukuzwa kazi kwa sababu ya ujanja wake yeye Wechuli. Apiyo aliporudi kuketi, Wechuli akaona heri aaibike.

"Nisamehe, Apiyo. Kile kitufe nilikiona siku ya kwanza."

Apiyo hakuinua macho. Alikuwa akichonga penseli.

"Tovuti ilishafunguliwa kabla ya Pasaka," alisema, "na watu wanaagiza kila siku. Aliyepiga simu ni mama yangu mzazi." Akamsogezea karatasi mpya. "Haya, sasa tafuta viti."