Vidole Laini

Muuguzi alikuwa amemtuma tena fundi cherehani kwenye duka la dawa la nje, safari hii kununua glavu na vidonge vya moyo. Hospitali ya serikali ilitoa kitanda. Mengine yote yalikuwa juu ya mgonjwa na watu wake.

Fundi alirudi akihema, hana hata hamu ya kulalamika. Alimwinua mama yake kitandani, akampa vidonge na kikombe cha maji.

Mama hakuvipokea. Alimshika mkono na kuanza kupapasa ncha za vidole, kimoja baada ya kingine, pale ambapo miaka yote palikuwa na ngozi ngumu na alama za sindano.

“Vimekuwa laini,” alisema. “Siku hizi hushoni?”

“Kazi imepungua, mama. Meza dawa.”

“Cherehani iko wapi?”

“Ipo nyumbani.”

“Niangalie, mwanangu.”

Hakuweza. Alimtazama muuguzi, aliyekuwa ameshafungua boksi la glavu na kwenda nazo kwa bibi wa kitanda cha pili, asiye na wa kumnunulia.

“Umeiuza,” mama alisema taratibu.

“Nitapata nyingine. Wewe meza kwanza, nakuomba.”

Alimsogezea vidonge mdomoni. Mama alibana midomo, akageukia ukutani.