Yai la Mnadani

Ibada ilipokwisha, mazao yaliyotolewa sadaka yalipelekwa nje yapigwe mnada, kama kila Jumapili ya mavuno. Nasemba alikuwa ametoa kuku wake wa pekee, maana mchungaji alihubiri kwamba asiyetoa fungu la kumi anamwibia Mungu. Mnada ukiendelea, kuku akataga kikapuni.

Watu wakaangua kicheko. "Huyo kaongeza sadaka!"

Nasemba alipiga magoti, akaliokota yai, bado lina joto. "Mzee Kibasa, hili nimpelekee mume wangu. Dawa zile hazimezeki tumbo likiwa tupu, na nyumbani hakuna kitu."

Kibasa, mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi, akacheka kidogo. "Mama, kuku ni wa Bwana. Sasa yai la nani?"

"La mgonjwa."

"Usimjaribu Mungu, mama."

Wale wale waliotoka kuimba upendo kwa machozi wakatazama viatu vyao. Kibasa akalichukua yai, akalipangusa kwa leso, akaliinua juu.

"Haya, nani anaanza?"

Mchungaji akanyoosha mkono.

Nasemba hakuinuka. Viganja vyake vilibaki vimekingwa, kama vya muumini anayesubiri mkate wa ushirika.