Chumvi ya Saskia

Hapa Tabora siku hizi, mgeni hawi mwenyeji kwa mtihani wala kwa muhuri. Anakuwa mwenyeji siku jirani akibisha hodi na kumwomba kitu. Mlango wa mgeni husikia wenyewe, na taa nyekundu iliyo juu yake hugeuka kijani.

Saskia, aliyehamia kutoka Uholanzi, aligawa keki mtaa mzima. Watu walikula, wakashukuru, wakarudisha sahani zikiwa na karanga. Taa ikabaki nyekundu. Kutoa si kazi; kazi ni kuombwa!

Jumamosi moja, Mama Nyamizi alisimama mlangoni na kibakuli. "Hodi jirani! Nigawie chumvi, mboga iko motoni."

Saskia alimjazia mpaka ikamwagika. Taa ikawa kijani, na mtaa ukalipuka kwa vigelegele.

Mwaka huo manispaa ilikitunuku kikundi cha majirani alichokiongoza Mama Nyamizi kwa kuwasaidia wahamiaji kuwa wenyeji. Saskia alishangilia hadi sauti ikamkauka, kisha akaenda kwa Mama Nyamizi kusaidia kupika pilau ya sherehe. Rafuni akakuta kopo la chumvi limejaa pomoni, na kando yake kile kibakuli alichomjazia, chumvi yake haijaguswa.



"Umekiona?" akauliza Mama Nyamizi.

"Nimekiona, Mama."

"Basi chukua kibakuli kingine, mwanangu. Yule Mgiriki wa nyumba ya kona, taa yake bado nyekundu."

Saskia alisimama kidogo, akitazama chumvi yake. Kisha akabeba kibakuli kitupu, akavuka barabara, akapaza sauti mtaa wote usikie:

"Hodi, jirani!"